Steji inateleza chini ya kidole: msaada kuhusu ramani ya SVG inayorekebishwa kwenye simu

MchoraNjia:

Wanajukwaa, salaam. Kwa miezi kadhaa sasa mimi na wenzangu wawili tunatengeneza ramani ya njia za matatu za Nairobi, ambayo msafiri ataifungua katika kivinjari cha simu yake na ambayo wasimamizi wa sako (vyama vya wenye matatu) wataweza kuirekebisha wenyewe. Steji, yaani kituo cha matatu, ikihamishwa, msimamizi anaigusa, anaiburuta hadi mahali pake papya, na mstari wa njia unaifuata. Mchoro wote ni SVG, yaani mchoro unaoelezwa kwa maumbo na namba, iliyoandikwa moja kwa moja ndani ya ukurasa, kila njia ikiwa path (elementi ya mstari) moja na kila steji ikiwa duara lenye cx na cy zake, namba za mahali pa kiini. Tuliacha picha ya pikseli kwa sababu majina ya steji za katikati ya mji yalikuwa hayasomeki pindi mtu alipoikuza.

Kwenye kompyuta ya ofisini kila kitu kilikwenda sawa. Tulipoifungua kwa simu ndipo mambo yalipoharibika. Nikiiburuta steji ya Pangani, duara linafuata vizuri kidole kinapokwenda kushoto au kulia, lakini kikipanda au kikishuka linaachwa nyuma, na kadiri ninavyokaribia ukingo wa juu au wa chini ndivyo pengo linavyokua. Ajabu ni kwamba katikati kabisa ya skrini hakuna kosa lolote. Nikiikuza ramani kwanza, hata upande wa mlalo unaharibika.

viewBox yangu, yaani vipimo vya ndani vya mchoro, ni 0 0 1000 600, na SVG inachukua skrini nzima, ambayo katika simu ninayoijaribia ni pikseli 360 kwa 640. Mahali pa kidole ninapageuza kwa kuzidisha 1000/360 katika mlalo na 600/640 katika wima. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi na sijaona palipokosewa.

FundiSaa:

Bwana MchoraNjia, hesabu yako ingekuwa sahihi kama mchoro ungenyooshwa ukajaza skrini yote, lakini kivinjari hakifanyi hivyo. Usipoandika chochote katika preserveAspectRatio, kivinjari huchukua xMidYMid meet, maana yake mchoro hukuzwa kwa kiwango kimoja pande zote mbili, kiwango kidogo kati ya viwili vinavyowezekana, kisha huwekwa katikati. Kwako viwango hivyo ni 360/1000, yaani 0.36, na 640/600, yaani 1.07 hivi. Kinachotumika ni 0.36. Mchoro wako kwa hiyo una urefu wa pikseli 216 tu katika skrini ya 640, na juu na chini yake kuna tepe mbili tupu za pikseli 212 kila moja, ambazo huzioni kwa kuwa umezipaka rangi ile ile ya mandhari.

Jaribu kwa nukta moja. Kidole kikiwa kwenye pikseli ya 320, hesabu yako inatoa 300, na hesabu ya kweli, ambayo ni 320 kutoa 212 kisha kugawanya kwa 0.36, inatoa pia 300. Ndiyo maana katikati hakuna kosa. Kidole kikishuka hadi pikseli ya 400, wewe unapata 375 na kivinjari kinapata 522. Ofisini hukuona lolote kwa sababu, nadhani, kisanduku chako kule kina uwiano ule ule wa 1000 kwa 600.

Ungeweza kuondoa tepe hizo kwa kuandika preserveAspectRatio="none", lakini Nairobi yako ingenyooka kama sura katika kioo cha sarakasi. Ungeweza pia kuongeza ile 212 katika hesabu yako, na siku ambayo mtu atalaza simu ungeanza upya. Nakushauri uache kabisa kukokotoa. Kivinjari kinaijua matriksi kinayotumia kupeleka mchoro kwenye skrini. Kiombe, uigeuze kinyume, uizidishe kwa nukta ya kidole:

const p = new DOMPoint(tukio.clientX, tukio.clientY);
const m = svg.getScreenCTM().inverse();
const q = p.matrixTransform(m);

Hiyo q ndiyo nukta ya kidole katika vipimo vya mchoro wako, iwe simu imesimama au imelala, iwe ukurasa umesogezwa au haukusogezwa.

MchoraNjia:

Nimebadilisha, na kabla ya kukuza duara linafuata kidole pande zote. Nashukuru sana, kwa sababu nilikwisha kuanza kuilaumu simu. Yamebaki mawili. Nikikuza ramani kosa linarudi, na kila ninapoligusa duara linaruka kidogo ili kiini chake kije chini ya kidole, jambo ambalo katika ramani ndogo linaihamisha steji hata kama nilitaka kuisoma tu. Kukuza ninakufanya kwa transform (agizo la kusogeza na kukuza) iliyo kwenye kundi la g linalobeba njia na steji zote.

FundiSaa:

Uliuliza elementi isiyohusika. Matriksi ya svg inajua viewBox na mahali pa mchoro katika ukurasa, lakini haijui transform uliyoiweka ndani yake kwenye kundi. Namba zako za cx na cy zinaishi ndani ya kundi, kwa hiyo kundi ndilo la kuulizwa: kundi.getScreenCTM(). Na kama duara lenyewe lina transform yake, muulize mzazi wa duara, kwa sababu cha kutafuta ni nafasi ambamo namba unazokusudia kuandika zinasomwa.

Kuhusu kuruka, kidole kinapogusa hifadhi tofauti kati ya q na kiini cha duara, kisha katika kila mwendo iongeze tofauti hiyo. Tofauti iwe ya vipimo vya mchoro, si ya pikseli, la sivyo itakuwa kubwa mno au ndogo mno mtu akikuza huku ameshika. Pia usianze kuhamisha chochote mpaka kidole kiwe kimesogea pikseli chache. Hapo ndipo pikseli zinapofaa, kwa sababu unachopima ni mtetemo wa mkono wa mtu na si umbali wa mjini.

Mzee_wa_Ngara:

Nimesoma hapo juu nikatabasamu, kwa maana kosa hili nililifanya wakati ambapo SVG ilihitaji programu-jalizi ya Adobe ili ionekane. Vijana wengi huidhani ni teknolojia ya juzi. Mwaka 1998 mapendekezo mawili ya lugha za michoro yalikuwa yakishindana mbele ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, PGML kutoka kambi ya Adobe na VML kutoka kambi ya Microsoft, na SVG ilizaliwa kutokana na haja ya kuwa na kiwango kimoja. Toleo la 1.0 lilipitishwa Septemba 2001. Hata hivyo Internet Explorer haikuionyesha yenyewe hadi toleo la 9 mwaka 2011, kwa hiyo kwa takriban miaka kumi tulikuwa na lugha nzuri ambayo kivinjari kilichoenea kuliko vyote hakikuisema. Sisi tuliandika kila mchoro mara mbili, mara moja kwa VML na mara ya pili kwa SVG, na sitamani mtu yeyote aliye hai arudi huko.

Kwa habari ya kukuza, mimi situmii transform ya kundi bali hubadilisha viewBox. Ukweli wote unakaa mahali pamoja, na svg.getScreenCTM() inatosha. Lakini njia yoyote utakayoifuata, kuza kwa kuizunguka nukta iliyo katikati ya vidole viwili na si kona ya juu kushoto. Kwa transform kanuni ni hii: kama kundi limesogezwa kwa t, na unataka kulikuza mara k kuzunguka nukta c, basi msogeo mpya ni c − k(c − t), ambapo c na t zote zimepimwa nje ya kundi. Anayeisahau kanuni hiyo humkuta mtumiaji aliyeikuza Roysambu akajikuta anaangalia Ruiru.

Swali langu kwa Bwana MchoraNjia: mstari wa njia unaifuataje steji? Kama njia zako zimenyooka kati ya nukta na nukta, hakuna shida. Kama umetumia mikunjo ya Bézier, yaani amri ya C katika path, basi kila nukta ina nukta dhibiti mbili, moja ya kuingilia na moja ya kutokea, na zote mbili lazima zisogee kwa kiasi kile kile ambacho steji imesogea. Ukisogeza nukta peke yake, mstari utavunjika goti pale pale kwenye steji.

MchoraNjia:

Mzee, umeliona goti hilo bila kuiona ramani. Lilikuwa linanisumbua pale njia ya 45 inapopinda kuingia Githurai, nami nilidhani ni kosa la takwimu. Nimezisogeza nukta dhibiti pamoja na steji na mkunjo umetulia.

Roysambu_Kanvasi:

Samahani kwa kuingia kwa sauti tofauti, lakini naona mnamsaidia ndugu yetu kuipaka rangi nyumba yenye msingi mbovu. SVG inahifadhi kila kitu kama elementi katika ukurasa. Njia zote za jiji, steji zake zote na majina yake ni maelfu ya elementi, na simu nyingi zilizo mikononi mwa makondakta wetu si zile za matangazo. Kanvasi, eneo la ukurasa linalopakwa kwa pikseli, ambayo Apple waliileta mwaka 2004 na ambayo leo ipo katika kila kivinjari, haikumbuki kitu ilichokichora. Unapaka, unafuta, unapaka tena, na gharama yake haitegemei idadi ya vitu vilivyokaa kwenye kumbukumbu ya ukurasa. Hata Leaflet, maktaba ya ramani za wavuti, ambayo kwa kawaida huchora njia zake kwa SVG, ina chaguo la preferCanvas kwa ajili ya watu wenye vitu vingi. Mimi ningebadilisha leo kabla hajaandika zaidi.

Mpimaji:

Bwana Roysambu, unalosema ni kweli kwa mahali pake, lakini hesabu gharama ya upande wa pili. Ukitumia kanvasi, swali la «kidole kimegusa nini?» linakuwa kazi yako. Zipo isPointInPath na isPointInStroke, lakini itakubidi uzipitishe njia moja baada ya nyingine, au ujenge faharasa yako ya mahali. Skrini yenye msongamano mkubwa wa pikseli inakudai uzidishe upana na urefu wa kanvasi kwa devicePixelRatio (pikseli za skrini kwa kila pikseli ya ukurasa), la sivyo maandishi yanafifia. Kisomaji cha skrini cha mtu asiyeona hakioni chochote ndani yake isipokuwa umemwandikia pembeni. Na mradi huu ni wa kurekebisha mchoro kitu kimoja kimoja, kazi ambayo SVG inaifanya bila kuombwa.

Kabla ya kuhama, nashauri apime nukta badala ya elementi. Njia zilizorekodiwa kwa GPS ndani ya matatu huja na nukta nyingi mno, kwa sababu gari likikwama katika foleni ya Waiyaki Way kifaa kinaendelea kuandika mahali pale pale. Wale waliofanya mradi wa Digital Matatus, Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na MIT, Columbia na Groupshot, walirekodi njia zaidi ya 130 kwa simu, na ramani waliyoitoa mwaka 2014 ilichorwa kwa mistari iliyorahisishwa ya rangi, mfano wa ramani za treni za miji mikubwa. Msafiri hahitaji kila mtikisiko wa usukani. Pitisha njia zako katika algorithimu ya Douglas na Peucker ya mwaka 1973, ambayo hutupa kila nukta isiyoupotosha mstari kupita kiasi unachokubali, kisha ukate desimali. Nukta iliyoandikwa 412.3 inatosha, 412.3387261904 ni mzigo kwa bando la msafiri.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona likitajwa. Namba zenyewe umezipata wapi? Kama ni digrii ghafi, kumbuka kwamba mhimili wa wima wa SVG hukua kuelekea chini wakati latitudo hukua kuelekea kaskazini, kwa hiyo usipobadilisha alama Rongai itakuwa juu na Githurai chini. Kama ni mita za Web Mercator, mfumo wa kubapisha dunia unaotumiwa na ramani za wavuti, Nairobi ipo karibu mita milioni nne na laki moja mashariki mwa Greenwich, na vivinjari mara nyingi huhesabu michoro kwa namba za usahihi mmoja, ambazo katika ukubwa huo zinapishana kwa robo mita. Ukikuza sana utaona mistari ikitetemeka bila sababu. Chagua sifuri yako mwenyewe hapa mjini. Mimi hutumia jengo la Archives pale Tom Mboya, kwa sababu kila mtu analijua na kila njia ina uhusiano nalo.

Tena sisi tunaokaa karibu na Ikweta tuna bahati ambayo wenzetu wa Oslo hawana. Katika digrii 1.3 kusini, digrii moja ya longitudo ni kilomita 111.3 hivi na ya latitudo ni 110.6, tofauti isiyofika asilimia moja. Kwa ramani ya steji unaweza kutoa sifuri yako, kuzidisha kwa namba moja, kugeuza alama ya wima, na kuendelea na kazi.

Roysambu_Kanvasi:

Hoja ya kisomaji cha skrini naikubali, na ya nukta pia. Ila bado nasema: ramani ya nyuma, yaani barabara na mito ambayo hakuna anayeigusa, ingepakwa kwenye kanvasi chini, na SVG ibaki juu yake kwa njia na steji tu.

Mpimaji:

Hapo tumekubaliana. Hakikisha tu zote mbili zinachukua matriksi moja, isije mito ikasogea peke yake.

Mama_Steji:

Nawasalimu wote. Nimefanya kazi na makondakta na wasimamizi wanaotumia programu za namna hii, na naona mazungumzo yamesahau kidole chenyewe. Mstari wa pikseli tatu unaonekana vizuri lakini hakuna anayeweza kuugusa garini. Chora kila njia mara mbili kwa d (maelezo ya umbo la path) ile ile: mstari mwembamba wa kuonekana, na juu yake mwingine mnene usio na rangi, wenye pointer-events="stroke", ambao kazi yake ni kupokea kidole. Thamani hiyo ya stroke hupokea mguso hata kama mstari haukupakwa rangi yoyote. Mwongozo wa WCAG 2.2, wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, uliotoka Oktoba 2023, unataka kitu cha kuguswa kisiwe chini ya pikseli 24 kwa 24, nami kwa matatu inayopita mashimo ningeongeza.

Ukikuza, mistari nayo inanenepa hadi njia ya 111 inaimeza barabara yote ya Ngong. Andika vector-effect="non-scaling-stroke" kwenye kila mstari na unene wake utabaki ule ule kwenye skrini. Tahadhari ni kwamba sifa hiyo inahusu unene wa mstari peke yake, kwa hiyo nusu kipenyo cha duara kitaendelea kukua. Badala ya kupunguza kila duara kwa msimbo, nachora steji kama path isiyo na urefu, mfano d="M412 230h0", yenye stroke-linecap="round" na sifa hiyo hiyo ya kutonenepa. Inaonekana kama duara na haibadiliki ukubwa kamwe.

Weka pia touch-action: none kwenye mchoro, kwa sababu bila hiyo kivinjari kitadhani mtu anasogeza ukurasa, kitaukata mburuto katikati na kukuletea pointercancel, tukio la kufuta mguso. Na unaposhika steji, ita setPointerCapture, ili kidole kikiteleza nje ya duara matukio yaendelee kufika kwake.

La mwisho. WCAG hiyo hiyo inataka kila kinachofanywa kwa kuburuta kiwezekane pia bila kuburuta. Mwanzoni niliona ni usumbufu, kisha nikamwona msimamizi mmoja mwenye mkono unaotetemeka akishindwa mara tano mfululizo. Tuliweka njia ya pili: gusa steji, kisha gusa mahali papya. Sasa hata wenye mikono thabiti wanatumia hiyo.

MchoraNjia:

Dada, hilo la pili sikuwa nimelifikiria kabisa. Naliweka leo. Swali moja dogo: sako zinatutumia nembo zao, nyingine ni faili za SVG, nami huziingiza ndani ya mchoro pembeni mwa njia. Kuna ubaya?

FundiSaa:

Upo, na ni mkubwa kuliko yote tuliyozungumza. Faili la SVG linaweza kubeba skripti. Ukilibandika ndani ya ukurasa, skripti hiyo inapata mamlaka yote ya ukurasa wako, ikiwa ni pamoja na kusoma kikao cha msimamizi aliyeingia. Lionyeshe kupitia img, au kupitia elementi ya image ndani ya SVG yako, ambako kivinjari hakiendeshi skripti wala hakipakii vitu vya nje. Hata hivyo mtu akilifungua faili hilo peke yake kwa anwani yake, skripti itaendeshwa, kwa hiyo nembo zikae kwenye kikoa tofauti na kile cha wasimamizi, au uzigeuze kuwa PNG zinapopokelewa. Nembo ya sako haihitaji kuburutwa, na PNG haitaiaibisha.

MchoraNjia:

Narudi na matokeo. Jana tuliijaribu ramani katika matatu ya Thika Road kutoka mjini hadi Githurai, kwa simu mbili, moja ikiwa ya zamani sana. Steji zinakaa chini ya kidole hata baada ya kukuza, mistari hainenepi, na baada ya kurahisisha nukta ile simu ya zamani inafuata mburuto bila kukwama, mradi niandike mahali papya mara moja kwa kila requestAnimationFrame, yaani kila skrini inapochorwa upya, na si kwa kila tukio. Barabara na mito zimehamia kanvasi kama Bwana Roysambu alivyopendekeza. Nembo tumezigeuza zote kuwa PNG, na kati yake mbili zilikuwa na skripti ndani, ambazo waliozituma wanasema hawajui zilikotoka.

Kilichobaki ni majina ya steji za katikati ya mji, ambayo kati ya Tom Mboya na River Road yanapandana hadi hayasomeki. Hilo nitalifungulia uzi wake, nikiweka na picha.